Tope Jeupe la Kiwanda cha Ngozi

Mlio wa mashine ndio ulionitoa ndani, na wanaonijua watakwambia kunitoa ndani si kazi ndogo. Mimi nikifika Maji ya Chai, hapo jirani tu, huwa najiona nimesafiri nje ya nchi. Nikachungulia juu ya ua. Kule chini, kando ya mto, kwenye kiwanja kilichokuwa kiwanda cha ngozi, binti mmoja mtaalamu alikuwa anatoboa ardhi na kujaza udongo kwenye chupa. Mwenyekiti wetu wa mtaa alishatutangazia: wanapima kama ardhi ni salama, kisha zitajengwa nyumba, bustani na mabembea ya watoto. Alitangaza kwa furaha mno. Mtu akifurahi namna ile kabla ya majibu, mimi huanza kumchunguza.

Kilichonikaa rohoni zaidi ni kwamba binti alitoboa karibu na geti tu, na karibu na geti hapakuwahi kuwa na kitu ila kibanda cha mlinzi.

Nimejuaje? Nimelelewa hapa hapa na bibi yangu, tuliyemwita Koko kama Waarusha wengi wanavyoita. Kutwa tulisikia mapipa makubwa ya mbao yakizungusha ngozi, du-du, du-du, hata sala ya chakula tuliisali kwa mdundo ule. Mto ulipita wa bluu asubuhi na wa kahawia jioni. Sisi watoto tulidhani ndivyo mito ilivyo. Koko hakudhani hivyo. Koko hakumwamini mtu. Sokoni aligeuza mchicha jani kwa jani akitafuta tundu la mdudu, na fungu lisilo na tundu alilirudisha. "Kama mdudu ameogopa, mimi ni nani?" alimwambia muuzaji. Nilikuwa nakwenda kusimama kwa muuza maandazi, kana kwamba simjui.

Lakini kila Jumamosi Koko huyo huyo alinituma kiwandani na karai. Nyuma, upande wa mto, kulikuwa na mashimo manne ambamo ngozi zililowekwa kwenye chokaa mpaka nywele zitoke, na tope lake jeupe lilitupwa pembeni, achukue atakaye. Nililibeba kichwani likinidondokea shingoni, nikalimwaga kwenye migomba yetu. Siku moja nikamuuliza mbona hili halikagui. Akanitazama kama niliyetukana ukoo.

"Limetoka kwa ng'ombe," alisema.

Kwetu hapo mjadala umekwisha. Ng'ombe ametupa maziwa, samadi, ngozi ya kulalia na mahari. Atupe na sumu? Hatukujua ni dawa gani nyingine zilimwagwa mle. Na migomba iliitikia, ndugu yangu. Kila mkungu ulihitaji miti miwili ya kuutegemeza. Koko alizipika ndizi zile na maharage kwenye moto wa kuni mpaka kijiko kinasimama chenyewe, na tangu hapo sijaonja kitu cha kufanana nazo.

Kiwanda kilipofungwa, malori yalileta kifusi chekundu yakafukia mashimo yote. Nilikaa juu ya ua nikitazama, kwa sababu hata wakati ule sikuwa na safari.

Basi ningeweza kunyamaza. Mwenyekiti alishanipitia na kuongea kwa sauti ya chini. "Kaka, ukionyesha mashimo, kesho watauliza tope lilikwenda wapi. Watakuhamisha. Na wewe kuhama utaweza? Hata sokoni hufiki." Alinihurumia vizuri mno, nikazidi kumshuku. Lakini kila nilipofunga macho niliona yale mabembea. Nikatafuta viatu, robo saa nzima, nikashuka.

Binti akanipa shikamoo. Nikampeleka upande wa mto, kwenye jiwe tulilofulia nguo, nikahesabu hatua hadi shimo la kwanza. Mashine ikatoa udongo mwekundu, mwekundu tena, kisha mweupe. Harufu ikapanda: chokaa, nywele zilizolowa, yai lililosahaulika. Utanicheka, lakini mate yalinijaa mdomoni. Ilikuwa harufu ya Jumamosi. Nyuma yake nilisikia chungu cha Koko.

Binti alifunga chupa, akainua macho kuelekea kwangu, kwenye migomba iliyowapita majirani wote urefu.

"Baba, tope lingine lilipelekwa wapi?"

Nikamwambia anifuate. Alichota udongo shambani, akasema majibu yatachukua muda, kisha akauliza kwa upole kama ndizi hizo bado tunazila. Nilikuwa nimezila asubuhi ile ile.

Kiwanda kimekwenda, Koko amekwenda, na huenda nami nikaondoka, nikishavipata viatu. Hilo nitalizoea. Ila jana nilipika ndizi, nikakaa nazo mezani mpaka zikapoa. Nikatoka nje, nikaanza kugeuza majani ya mgomba moja moja, nikitafuta tundu la mdudu.

Nimegeuza shamba zima. Sijaona hata moja.