Maji Meupe ya Peironela

Peironela wa Limoges alikuwa msagaji wa vioo. Mumewe alipofariki, hakumaliza wiki kabla ya kuushika mchi wake, na kwa miaka thelathini hakuna msalaba wala kisanduku cha masalia ya watakatifu kilichotoka katika karakana ya Fundi Ramnulf bila buluu iliyopita mikononi mwa mama huyu.

Kioo cha rangi hutwangwa, huoshwa bakulini, maji meupe yenye vumbi la kioo yakamwagwa, kikaoshwa tena hadi maji yatakate. Hapo chenga zinajazwa kwenye vijishimo vilivyochongwa katika shaba, na shaba inaingia tanurini. Peironela alizipima chenga kwa kuziuma kidogo, maana macho yalikuwa yamechoka.

Macho hayo ndiyo yaliyoleta maneno. Ramnulf alikuwa mtu mwema, ila mkono wa birika. Kila maji meupe yakienda mtaroni, roho ilimuuma kuona kioo alichonunua kikipotea. Akaanza kusema kwamba mama huyu haoni anachomwaga. Kwaresima ilipoingia, bakuli akapewa mkwe wa fundi, Audeier, na Peironela akapewa ufagio. Hakubisha. Ila alifagia polepole mno, palepale karibu na bakuli, kutwa nzima.

Audeier alisaga laini kama unga wa ngano, asimwage hata tone. Peironela alipomwonya, alijibiwa kwamba ufagio hauna mdomo.

Walikuwa wakitengeneza kijisanduku cha kuwekea hostia, cha watawa wa ng'ambo ya mto, na vazi la Bikira Maria lilitakiwa liwe buluu. Kilipotoka motoni kikasuguliwa, Bikira alikuwa amevaa majivu.

Ramnulf alikigeuzageuza kwa muda mrefu, kisha akamuuliza Peironela kosa liko wapi.

"Mmelihurumia vumbi, fundi. Lile jeupe ndilo linalotia ukungu. Umelionea huruma kuliko Mama wa Mungu."

Audeier akainamia viatu vyake.

"Rudi kwenye bakuli, mama," akasema Ramnulf. "Tutaichokoa rangi hii, tuanze upya."

"Nitarudi. Lakini nikimwaga, wewe tazama dirishani."

Karakana nzima ikacheka, Audeier naye. Peironela akaegemeza ufagio ukutani, akakunja mikono ya gauni. Akamwaga maji ya kwanza, ya pili, ya tatu, bila haraka, akivuma wimbo wa Misa puani. Fundi alisimama dirishani akiwapa mgongo, na kila aliposikia maji yakianguka mtaroni alisonya, lakini hakugeuka.