Dakika Tisini za Kioo

Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Ni wazi kwamba wahenga hawakuwahi kukutana na Kioo. Yeye alisikia la kila mkuu: la kocha, la daktari, la mke wake, hata la mama mkwe, ambaye kwa ukuu hakuwa na mpinzani, na guu likavunjika vilevile. Katika miaka kumi na minne ya kucheza mpira wa kulipwa, beki huyu wa kati aliumia mara nne kiasi cha kulazwa hospitali, na mara nyingine nyingi kiasi cha kupewa pole tu. Mashabiki wake, watu wenye huruma kwelikweli, wakaliweka pembeni jina alilopewa na wazazi wake wakambandika hilo la Kioo. Kila alipoingia uwanjani waliimba, "Shika taratibu! Shika taratibu!" kama wapagazi wanaoshusha kabati la vyombo.

Mara ya kwanza alikuwa na miaka kumi na tisa, na hiyo ilikuwa mechi yake ya tatu. Alikuwa anarudi kinyumenyume kuwahi mpira wa juu, mguu wa kulia ukatumbukia kwenye shimo. Shimo hilo mtunza uwanja alilichimba asubuhi akitafuta bomba lililopasuka, kisha akalifunika kwa majani ili uwanja upendeze. Na kwa kweli ulipendeza. Kano ya goti ikakatika, na uongozi wa klabu ukamwandikia barua ya kumkumbusha kwamba mchezaji makini hutazama anapokanyaga.

Mara ya pili ilikuwa kifundo cha mguu huohuo wa kulia, na kosa halikuwa la mpinzani wala la shimo. Mwenzake alifunga bao, wote wakakimbilia kibendera cha kona kumrukia, na Kioo, ambaye hakuwa hata amegusa huo mpira, akaruka kwa furaha akatua juu ya buti la mwenzake. Bao lenyewe likakataliwa. Mara ya tatu klabu ilikuwa inapiga picha za kalenda. Mpiga picha akamwomba aruke mara moja tu, akitabasamu. Akaruka, akatabasamu, goti likatoka. Picha iko mwezi wa tano, na ukiitazama kwa makini utaona tabasamu limeanza kupinda.

Mguu wa kushoto, katika miaka yote hiyo, haukuwahi kupatwa hata na mchubuko wa maana. Ulikuwa unaishi naye kama mpangaji asiyehusika na mambo ya nyumba.

Na kila mara alirudi. Hapo ndipo watu walipochoka naye, maana mtu akishaaminika kuwa amekwisha, ni utovu wa adabu kuonekana tena mazoezini. Daktari wa timu alikuwa na dawa mbili, barafu na neno "vumilia", na zote alizitoa kwa ukarimu. Yaliyobaki Kioo aliyafanya mwenyewe. Walikaa ghorofa ya nne, yeye na mkewe, katika jengo ambalo lifti yake ilikuwa na kibao cha "Inatengenezwa" kilichoanza kupauka. Alfajiri, kabla majirani hawajaanza kugombania bomba, alipanda na kushuka ngazi zile akiwa amejifunga mfuko wa mchanga kifundoni, mkono mmoja ukutani, jasho likimtoka kama anayedaiwa na ukuta huo. Mpaka leo plasta ya ukuta wa ngazi ina mstari mweusi wa kiganja chake kutoka chini hadi juu. Mwenye nyumba aliwahi kuulalamikia.

Mkewe alikuwa fundi cherehani. Cherehani yake ilikuwa dirishani sebuleni, na suruali zote za Kioo zilipitia pale. Mguu wa kulia wa kila suruali aliufumua kwa pembeni akaweka vifungo kutoka nyonga hadi chini, ili plasta ngumu ya hospitali ipite. Mwanzoni alikuwa anaweka vifungo na kuvitoa mtu akipona. Baada ya jeraha la tatu aliacha kuvitoa. Mama mkwe alipoziona zimeanikwa, alisema binti yake hakuolewa na mtu, ameolewa na wodi.

Sasa, mcheza mpira aliyeumia mara tatu hujifunza ujanja ambao haufundishwi kwenye shule yoyote. Mshambuliaji yeyote akiona beki amefunga bandeji goti moja, hapohapo anajua pa kugonga. Ni kama kuoneshwa njia kwa kibao. Kwa hiyo Kioo, kila mechi, alifunga bandeji nene mguu wa kushoto, ule mzima. Wapinzani wakaupiga mateke, wakaukanyaga, wakaupongeza kwa visigino vya buti, na mguu ukapokea bila kinyongo. Wa kulia, ulioshikiliwa na skrubu na dua za watu wema, ulitembea wazi, unang'aa, hakuna aliyeushuku. Mficha maradhi kifo humuumbua, lakini huyu aliyaficha miaka saba na kifo kikaona aibu.

Jeraha la nne lilikuja akiwa na miaka thelathini na mbili, na lilikuwa la heshima: mpira wa pande mbili, mpinzani kachelewa, mfupa wa muundi ukavunjika kwa sauti iliyosikika hadi benchi. Mguu wa kulia, bila shaka. Mkewe alipigiwa simu akiwa anapima gauni la mteja, kama alivyokuwa amepigiwa mara tatu za mwanzo. Hakuwahi kwenda uwanjani hata siku moja. Alisema habari mbaya zinamfikia vizuri tu nyumbani, hazina haja ya kulipiwa kiingilio.

Alifika wodini na kikapu, akakaa kwenye kiti cha wageni chenye mguu mmoja mfupi, akamtazama mumewe, akautazama mguu uliotundikwa.

"Haya," alisema. "Safari hii ilikuwa shimo au kalenda?"

"Safari hii nilipigwa," Kioo alijibu, kwa fahari kidogo.

"Hongera."

Mgonjwa wa kitanda cha jirani akajifanya amelala ili asikie vizuri.

"Sikuambii uache," mkewe alisema. "Nikikuambia uache ukiwa hapo kitandani, utanilaumu mpaka tunazeeka. Nitakuuguza tena. Utarudi. Ila nataka kitu kimoja. Ucheze mechi moja nzima, dakika tisini, utoke kwa miguu yako mwenyewe. Siku hiyo ndiyo ya mwisho."

"Na nisipoimaliza?"

"Utajaribu nyingine. Ila ukiimaliza, na mpira umeumaliza. Sawa?"

Kioo alikubali haraka, akaapa kabisa, mkono juu ya plasta. Hakuwa amemaliza mechi nzima kwa miaka mitatu. Kiapo kile alikiona chepesi, cha kulipwa siku kuku watakapoota meno. Na zaidi ya hapo, alikuwa anampenda mkewe, na aliona aibu kwa vifungo vyote vile.

Miezi kumi na mmoja ikapita, ngazi zikapandwa, na Kioo akarudi. Kocha mpya alikuwa anamwingiza dakika za mwisho, timu ikiwa inaongoza na kila mtu amechoka. Hapo likatokea ambalo hata yeye hakulitegemea: akalipenda benchi. Wenzake walinuna wakiachwa nje, yeye alikaa pale ametulia kama aliyealikwa. Akirudi nyumbani mkewe alikuwa anauliza bila kuinua macho kwenye cherehani, "Dakika ngapi leo?"

"Kumi na mbili."

"Bado," alisema mkewe, na mashine ikaendelea kulia.

Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, alijiambia Kioo, na uhunzi wa dakika kumi na mbili ungeweza kumfikisha miaka arobaini.

Kisha beki mwenzake akapata kadi ya pili ya njano, na mechi ya mwisho ya msimu Kioo akaambiwa anaanza. Alipotoa habari hiyo nyumbani, mkewe alizima mashine. "Basi nakuja," alisema.

Siku ya mechi, kwenye chumba cha kubadilishia nguo chenye harufu ya dawa ya kuchua na soksi za wanaume ishirini, Kioo alishika bandeji akasita. Mshambuliaji wa upande wa pili alikuwa Nyundo, mtu aliyewahi kuchezea klabu hii misimu miwili, akahama kabla ya jeraha la nne. Walikuwa wanavalia nguo kwenye benchi moja. Nyundo aliujua ule ujanja wa bandeji vizuri kuliko alivyojua kupiga penalti. Angeiona kushoto, angegonga kulia, na kulia ni skrubu.

Kioo akafikiri sana. Halafu akafanya jambo ambalo hakuwa amelifanya kwa miaka saba: akasema ukweli. Akafunga bandeji mguu wa kulia, ule mbovu, akaikaza ionekane.

Nyundo aliiona kwenye mstari wa kusalimiana, akatabasamu hadi masikioni, tabasamu la mtu anayewajua marafiki zake: bandeji ikiwa kulia, basi safari hii uliovunjika ni wa kushoto. Tangu filimbi ya kwanza akaanza kuushughulikia mguu wa kushoto. Akaupiga dakika ya nne, akaukanyaga dakika ya kumi na tisa, akaupiga tena mwamuzi akiwa amegeuka. Kila mara aliinuka akimwangalia Kioo usoni, akisubiri avunjike. Mguu wa kushoto, uliozoea kazi hiyo, haukusema kitu. Na Kioo akacheza. Akacheza jinsi alivyocheza akiwa na miaka kumi na tisa kabla ya lile shimo: akiruka, akisoma mpira kabla haujapigwa, akiwapanga wenzake kwa kidole. Alikuwa na furaha, hakuna namna nyingine ya kulisema. Mashabiki waliimba "Shika taratibu" hadi dakika ya thelathini hivi, kisha wakaona haya, wakaacha.

Mapumziko, katibu wa klabu akamvuta kando karibu na ndoo ya barafu. Huyu ndiye aliyesaini ile barua ya kukanyaga.

"Mzee, sisi siku zote tulikuwa na imani na wewe," alisema katibu, bila kupepesa macho. "Ukimaliza hivihivi, mkataba wa mwaka mmoja uko mezani kwangu."

Kioo akarudi uwanjani na hesabu mbaya kichwani. Akimaliza, mkataba upo. Akimaliza, kiapo nacho kipo. Majeraha manne yalikuwa yameshindwa kumstaafisha. Sasa alikuwa anaelekea kustaafishwa na uzima. Dakika ya sabini alimtafuta mkewe jukwaani akamwona, mstari wa tatu, mkoba mapajani, ameketi kama aliye kwenye foleni ya benki. Dakika ya themanini alitamani kocha amtoe. Kocha, kwa mara ya kwanza maishani mwake, hakuwa na wazo.

Dakika ya themanini na nane Nyundo, amechoka kuwa mjanja bila faida, alimrukia mzimamzima. Wote wakaanguka. Filimbi ikalia. Kioo akalala chali kwenye nyasi, akasikiliza mwili wake, goti, kifundo, muundi, kama mwenye nyumba anayekagua milango. Kila kitu kilikuwa mahali pake.

Na hapo ndipo wazo likamjia. Wabeba machela walikuwa tayari wanakimbia. Hao walikuwa wanamjua kwa uzito. Kilichotakiwa ni kushika goti na kukunja uso. Dakika themanini na nane si tisini. Angebebwa, kiapo kisingetimia, na katibu kwa jinsi alivyoona mchezo angesaini tu. Mtu aliyepigana na majeraha miaka kumi na minne alilala pale akiomba jeraha dogo, la kuazima, la kurudisha kesho. Mkono wake ukaanza kwenda gotini.

Akageuza kichwa upande wa jukwaa, ili ajue kama mkewe anatazama.

Mkewe hakuwa kwenye kiti. Alikuwa ameshafika kwenye uzio, amevua viatu ili akimbie, ameshika viatu mkono mmoja na wavu mkono mwingine, na mdomo umekaa wazi bila sauti. Kioo hakuwahi kuuona uso huo. Mara zote nne alikuwa amelala akitazama mawingu, na yeye mkewe alikuwa mbali na simu sikioni, na akifika wodini alifika na kikapu na mzaha. Uso wenyewe, ule wa kwanza wa hofu, alikuwa anaumaliza njiani kabla hajafika wodini.

Kioo akaondoa mkono gotini, akainuka.

Wabeba machela wakasimama, wamefadhaika, kama watu walioalikwa karamu ikaahirishwa. Dakika mbili zikachezwa, na tatu za nyongeza. Filimbi ya mwisho ilipolia Nyundo alimjia akichechemea, maana mfupa hugongwa na mfupa.

"Mzee, kwa heshima zote," alisema, "mguu wako mbovu ni upi?"

"Si huo wenye bandeji," Kioo alimdanganya, akamwacha hapo.

Katibu alikuwa anapunga karatasi kwenye mlango wa vyumba. Kioo alitembea, polepole, kwa miguu yake miwili, akampita, akaenda hadi kwenye uzio. Mkewe alikuwa bado pekupeku.

"Umeumia?"

"Hapana."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

"Basi ulikuwa unafanya nini pale chini muda wote ule?"

Kioo aliutazama uwanja nyuma yake, watu wakianza kutoka, mtunza uwanja akishusha nyavu.

"Nilikuwa naaga," alisema.

Neno hilo lilipoanza kumtoka lilikuwa uongo, lilipokwisha kumtoka lilikuwa kweli. Mkewe akamtazama. Akaegemeza paji la uso kwenye wavu akalia, yeye ambaye wodini, mara zote nne, hakuwahi kulia.