Kifuniko cha Nyuma

Fundi kamera alikuwa mkali kwa jambo moja: usifungue kifuniko cha nyuma kabla hujazungusha kishikio cha kurudishia filamu. Kikiwa kizito, ujue filamu imo, na mwanga ukiigusa picha zimeungua. Miaka thelathini hakuwahi kukosea, na waliokosea aliwasema mpaka wakaona haya.

Wiki ya pili baada ya kumzika mkewe, aliitoa kamera ya marehemu kabatini aisafishe. Akafungua tu kifuniko cha nyuma, mikono ikijiendea yenyewe, akaanza kufuta lenzi dirishani penye jua kali, huku akinung'unika kwamba mwanamke huyu hakujua kutunza kitu. Lenzi ilipong'aa ndipo akaigeuza, akaona filamu imeanikwa kama nguo.

Dada wa marehemu alimkuta ameketi, kamera wazi magotini.

"Shemeji, hizo picha alijipiga hospitalini," alisema taratibu. "Alisema utazisafisha mwenyewe." Kisha akaongeza, "Huenda mbili tatu zimepona."

Fundi alimtazama. Maneno yale yalikuwa yake. Ndiyo aliyokuwa akiwapa wateja akishawasema, kwa sauti ileile ya upole, ili waondoke dukani bila kulia.