Kilio cha Shangazi Aliyekuwa Akitwanga Sombe

Wenzangu, wanaonijua hapa Kabambare wameshanicheka vya kutosha, kwa hiyo bora niwasimulie mwenyewe, taratibu, kama ninavyofundisha darasani. Mkasa huu ukisimuliwa na wengine mimi huonekana mwendawazimu, na kweli nilikuwa baba mwenye hofu tu (ingawa siku ile tofauti haikuonekana sana).

Mwanangu Amisi ana miaka mitano. Mwaka jana alianza kung'ata watoto wenzake, akikatazwa jambo anapindua chungu, ukimwita anakimbilia upande mwingine. Nami ni mwalimu. Watoto wa watu husimama nikiingia darasani, wazazi wao hunishika sokoni kuniomba mashauri, nami huwaeleza kwa upole jinsi ya kumlea mtoto, halafu narudi nyumbani na huyu wangu ananing'ata mkono. Nilimfokea, nikamchapa, na siku moja nilipomaliza kumchapa niliuangalia mkono wangu nikauogopa. Habari zikafika Lusangi kwa mama mkwe, naye akatuma neno lililonikosesha usingizi: mvua zikiisha atakuja kumchukua Amisi akamlee yeye. Bibi akisema hivyo kwetu, hakuna wa kumzuia. Mke wangu alilia kutwa, kichanga chetu kikiwa mapajani mwake, nami nikajua kwamba nisipopata msaada, mvua ya mwisho itaondoka na mwanangu.

Basi nikaanza kutafuta. Muuguzi wa hapa kwetu alinipa dawa ya minyoo. Mtu mwingine akasema nimpeleke mtoto akaombewe, mwingine akanitajia daktari wa Kindu ambaye, nilipompata kwenye simu, kumbe anang'oa meno. Mwishowe muuguzi yule yule (Mungu ambariki, hakunichoka) akaniambia kwamba Kasongo amekuja mwanasaikolojia, Mama Feza, aliyesomea mambo haya Bukavu. Huyo hamtibu mtoto peke yake. Anawaweka mzazi na mtoto katika chumba cha michezo, yeye anakaa nyuma ya pazia akiwatazama, na anamwambia mzazi sikioni, kwa simu, aseme nini na anyamaze wakati gani. Anayefundishwa ni mzazi, na mtoto hubadilika kwa kumfuata. Nilipompigia akanipa siku wiki ile ile, akaniuliza kama niko tayari kucheza. Nikasema ndiyo, bila kujua nakubali nini.

Kosa lilianzia hapa, nalo lilikuwa dogo kama punje ya mtama. Asubuhi ya safari, Saidi, kijana wa pikipiki niliyemfundisha kusoma mimi mwenyewe, aliniuliza tunaenda Kasongo kufanya nini na mtoto. Nikajisikia nikimjibu kwamba mimi, Mwalimu Ramazani, naenda kufundishwa kucheza na mwanangu, na ulimi ukakataa.

"Iko kilio kule," nikasema. "Ni shangazi yangu Mwajuma."

Saidi akavua kofia, akanipa pole, na njia nzima akaendesha polepole kwa heshima ya marehemu, katika matope yale, hata tukafika Kasongo jua limezama. Tukalala kwa huyo huyo Shangazi Mwajuma, aliyetupikia bukari, ugali wetu, na samaki, akala kutuzidi. Nilichosahau ni jambo ambalo mtoto wa darasa la kwanza angenikumbusha: kwa barabara zetu hizi, wanaobeba habari ni watu wa pikipiki. Kila tulipopishana na mwenzake, Saidi alisimama wakasemezana kwa sauti ya chini, nami nyuma yake nikidhani wanaulizana wapi pana tope.

Siku ya pili yake, baada ya adhuhuri, tukaingia chumba cha Mama Feza. Kulikuwa na mkeka, makopo matupu, gari la waya, vifuniko vya chupa na karton moja ya kuvitia. Simu yangu (niliyokuwa nimeizima tangu jana ili kutunza chaji) tukaiwasha, akanipigia, nikaweka ekuteri, kile kidude cha kusikilizia, sikioni, naye akapita nyuma ya pazia. Tangu hapo mtu yeyote aliyenitafuta alikuta namba yangu inaongea na mwingine, na waliokuwa wakinitafuta, masikini, walikuwa wengi.

Mimi nikaanza kwa kumuuliza Amisi kopo lile lina rangi gani.

"Mwalimu, hapa si darasani," sauti ikaniambia sikioni. "Usimuulize, usimwamuru. Mufuate tu, useme anachofanya."

Mnaweza kudhani ni rahisi. Jaribuni. Nilitoka jasho kama mtu anayelima, kila neno lililonijia lilikuwa amri au swali. Lakini nikasema, Amisi anapanga makopo, Amisi ameweka dogo juu ya kubwa, asante kwa kushika gari taratibu, na mtoto akawa ananitazama kwa mshangao, kama mtu aliyebadilishiwa baba. Halafu akaamua yeye ni motari, kama Saidi, na mimi ni pikipiki. Nikasita. Mama Feza akasema nimfuate. Basi nikapiga magoti na mikono chini, Amisi akakaa mgongoni, nikaanza kuzunguka mkeka nikinguruma.

Wakati huo (haya nilihadithiwa baadaye) mama mkwe na wanawake wenzake kutoka Lusangi walikuwa wameshafika kwa shangazi, wamefunga vitambaa kiunoni, wana unga, wana kuku, wanalia kuanzia barabarani kama inavyotakiwa. Shangazi alikuwa uani anatwanga sombe, majani ya muhogo ya chakula cha jioni. Aliposikia kilio kinaingia kwake hakuuliza, aliangusha mchi akalia nao, akalia sana, mpaka mmoja wao alipomfuta machozi akamtambua. Ndipo wakataka kujua mkwe yuko wapi, naye shangazi akawaelekeza kwa Mama Feza.

Dirisha la Mama Feza lilikuwa wazi kwa sababu ya joto. Nilikuwa napanda mlima kwa gia ya kwanza, na kunguruma kwenyewe ni kwa nguvu, nilipoinua kichwa nikamwona mama mkwe. Kwetu mtu hali hata chakula mbele ya mama mkwe wake. Macho huyainamisha, sauti huipunguza. Mimi nilikuwa chini kwa miguu minne, ulimi nje, siku ya kilio cha shangazi yangu, na nyuma yake wanawake wamejaa dirishani. Nikajua mtoto amekwisha kuchukuliwa.

Nikataka kusimama. Sauti ikasema, tulivu kabisa: "Usimuache katikati. Sasa mupe amri moja, fupi, halafu ungoje."

Nikasema, "Amisi, tia gari ndani ya karton."

Amisi akashuka, akamwona bibi yake, akalitupa gari ukutani. Dirishani mtu akaguna. Siku nyingine mkono wangu ungekuwa umeshaondoka. Nikaubana kwenye goti, nikangoja, nikasema tena maneno yale yale kwa sauti ile ile. Akanitazama. Nikamtazama. Nasikia hata kuku wa kilio walinyamaza, ingawa hilo siwezi kuliapia. Kisha akaenda ukutani, akaliokota gari, akalitia ndani ya karton.

"Asante kwa kunisikia, baba," nikamwambia.

Mama mkwe akaegemea dirisha. "Mukwe, shangazi yako iko anatwanga sombe. Sasa ni nani amekufa?"

"Hakuna, Mama. Niliona haya kusema nimekuja kufundishwa."

Akaiangalia karton. "Kwangu hajawahi kurudisha kitu," akasema. Halafu akamgeukia Mama Feza, aliyekuwa ametoka nyuma ya pazia. "Na bibi munamufundisha?"

Hakusema tena habari ya Lusangi, siku ile wala mvua zilipoisha. Na kwa kuwa kilichopelekwa kwenye kilio hakirudishwi, kuku walichinjwa, na firigisi zote alipewa Shangazi Mwajuma, ambaye alisema si kila marehemu hupata bahati ya kuonja.

Ndugu zangu wazazi, mtoto akikushinda, taja jina la unachokitafuta hata mbele ya motari. Mwezi uliofuata Saidi alikuja kutupeleka tena, akasimamisha pikipiki mbele ya nyumba na kabla sijapanda akaniuliza, kwa adabu zote, safari hii amekufa nani. Nikamwambia kwa sauti, jirani wakisikia, kwamba naenda kwa mwanasaikolojia kufundishwa kucheza na mwanangu. Hakucheka. Tulipofika kwenye tope la kwanza akageuza kichwa kidogo, akaniuliza kama yule mama hupokea na watoto wa kike, maana binti yake naye anang'ata.

Tangu hapo sijamuua tena mtu yeyote wa ukoo wetu.