Herufi Moja ya Kikausho

Edinah Bogonko wa Sotik ndiye aliyeandika programu inayoongoza mashine za kiwanda kimoja kidogo cha chai karibu na Boito. Mipangilio yote ilikaa kwenye faili moja, na kila zamu fundi wa kukausha chai alilifungua kwenye kompyuta na kuandika joto analotaka. Fundi huyo, Aron Kipkosgei, alikuwa amekausha chai miaka ishirini na sita.

Jumanne moja chai ilitoka na unyevu, yote ikamwagwa. Meneja hakuuliza mengi. Alimwondoa Kipkosgei kwenye mashine, akampa ufagio.

Edinah alifungua faili. Mahali pa "joto_kikausho" mzee alikuwa ameandika "joto_kigausho", jinsi anavyolitamka. Programu haikulijua jina hilo, ikanyamaza, ikarudi kwenye joto lake la mwanzo, nyuzi tisini. Edinah aliitazama ile g. Ni yeye mwenyewe aliyeiandika programu inyamaze hivyo.

Alienda kwa meneja.

"Kosa ni langu," akasema.

"Lakini ni yeye aliandika."

"Ni mimi nilifanya mashine ikubali kila kitu."

Kwa siku nne aliandika faili la kanuni: majina yanayokubalika, na kila namba na mipaka yake. Kisha akaliunganisha na programu ya kuandikia, akamwita Kipkosgei. Mzee alikuja na ufagio wake.

"Andika herufi mbili tu, mzee."

Akaandika "jo". Orodha ya majina ikafunguka chini yake. Hakuigusa. Aliandika "joto_kigausho" polepole, akimwangalia Edinah usoni. Mstari mwekundu ukatokea, na maneno: Jina hili halijulikani. Ulitaka kusema joto_kikausho?

"Kwa hivyo sasa hata kompyuta inacheka Kiswahili ya Mkipsigis?"

"Hapana, mzee. Mimi pia juzi imenishika mara tatu."

"Tatu?"

"Tatu."

Hilo lilimridhisha. Alichagua jina kwenye orodha, akaandika 118. Mstari mwekundu tena: mwisho ni 110.

"Nani alisema mia na kumi?"

"Kitabu cha mashine."

"Hicho kitabu kimewahi kukausha chai ya mvua ya Aprili?"

Edinah alivuta kiti, akamuuliza msimu baada ya msimu, akaiweka kila namba aliyotajiwa kwenye faili la kanuni. Walimaliza saa ya chai ya saa nne, na meneja akaupeleka ufagio stoo mwenyewe.

Siku hizi ukiandika 125, mstari mwekundu unakuambia: Muulize Kipkosgei kwanza. Meneja ameagiza mara mbili maneno hayo yabadilishwe, yawe ya kiofisi. Edinah anasema bado anayafikiria.