Mzee Athuman na Wanyama wa Upepo FC

Athuman alikuwa mchinjaji wa soko la Kasulu, kwa hiyo historia ya wanyama wa Upepo FC aliijua kuliko mwanakamati yeyote. Wote walipita mikononi mwake. Baba yake alitoka Ujiji na kisu. Yeye akarithi kisu, bucha na jukumu ambalo mji mzima ulimwachia. Shughuli yoyote yenye nyama, iwe ya Mwislamu au ya Mkristo, mchinjaji ni Athuman, ili kila mtu ale bila kuuliza.

Mnyama wa kwanza alikuwa jogoo. Mwaka 2012, Mwalimu Philemon, katibu wa timu, mtu wa Mbeya aliyeletwa huku na kazi, alisema timu kubwa zina wanyama wao, sisi tuna nini? Jogoo mwekundu akafungwa utepe wa kijani, akapelekwa Kibondo kwenye mechi ya kufunga msimu, ile ambayo watu wa Kasulu huiona ndiyo mpira wenyewe. Upepo wakachapwa. Njiani kurudi ikabidi apatikane wa kulaumiwa. Kipa alikuwa na ndugu wengi, jogoo hakuwa na hata mmoja. Akaliwa, na kamati ikajiona imepata desturi: tukifungwa na Kibondo, mnyama analiwa.

Mwaka uliofuata akaja bata mzinga, zawadi ya mama Immakulata, mpishi wa timu. Alikuwa na mbwembwe zote, lakini filimbi ya kwanza ilipolia alitoroka akaingia kwenye mihogo ya watu, na Upepo nao wakacheza kama waliomfuata huko. Athuman alimchinja bila kumfikiria mara mbili. Mnyama ni mnyama, alimwambia mkewe Zuhra, akachukua paja.

Wa tatu alikuwa beberu mweusi kutoka Makere, mwenye ndevu nyeupe, wakamwita Kapteni. Hakuna aliyekuwa na zizi, basi akafungwa nyuma ya bucha ya Athuman. Hapo ndipo mchinjaji alipokosea. Alifundishwa tangu ujana kwamba mnyama haonyeshwi kisu kikinolewa. Wa kuchinjwa husubiri upande wa pili wa ukuta. Lakini Kapteni hakuwa wa kuchinjwa, au hakuwa bado, kwa hiyo alifungwa karibu na jiwe la kunolea. Kila asubuhi Athuman aliponoa, beberu alipiga kelele, naye akamnyamazisha kwa chumvi kidogo kiganjani. Haikupita muda, jiwe likilia tu Kapteni anakuja, ulimi nje.

Mwaka 2014 Upepo walishinda Kibondo, na Kapteni alibebwa mabegani kama bwana harusi. Athuman akaanza kumsimulia habari za soko. Alimpenda, hakuna namna nyingine ya kulisema. Mechi iliyofuata aliiogopa kuliko wachezaji wenyewe.

Mwaka 2015 wakafungwa. Bao liliingia mwishoni, katikati ya miguu ya Kipriani, yule yule kipa mwenye ndugu wengi. Kesho yake mama Immakulata akainjika sufuria, na timu ikakusanyika uani kwake. Kapteni alikuwa amefungwa kwenye mti, utepe wake shingoni.

“Mzee Athuman, tunasikitika,” alisema Mwalimu Philemon. “Lakini desturi ni desturi.”

“Impene ni impene, mzee,” Kipriani aliongeza. Mbuzi ni mbuzi.

Athuman hakubishana. Angebishana kwa uso gani? Alikwisha kuchinja mbuzi wa watu waliosimama pembeni wakilia, na hakuna hata mmoja aliyerudishwa nyumbani kwa sababu ya machozi. Akachukua kisu na jiwe, akaenda nyuma ya jiko, mbali, beberu asione. Akapitisha kisu juu ya jiwe.

Kapteni alisikia. Kamba haikuwa imekazwa sana. Alizunguka jiko akiiburuta, kichwa juu, mbio mbio, akafika na kuanza kuulamba mkono ule ule ulioshika kisu.

Athuman alikaa chini. Alikaa mpaka wenzake wakaanza kumwita. Alipotoka, kisu kilikuwa kimerudi kwenye ala.

“Huyu nimemnolea kisu mbele ya macho yake maisha yake yote,” alisema. “Kosa ni langu. Mimi simchinji.”

Mwalimu Philemon akamgeukia Badru, mwenye duka la vitenge, mwekahazina wa timu na Mwislamu mwenzake Athuman. Badru akatia mikono mifukoni. Kama Mzee Athuman amesema ni kosa, alijibu, yeye ni nani akishike kisu hicho? Wengine wakatazama viatu vyao. Mama Immakulata akaweka maharage, yakaliwa, na yalikuwa mazuri.

Asubuhi iliyofuata mbuzi wa soko walikuwa wanamsubiri kama kawaida. Athuman alikiweka kisu juu ya jiwe, akanoa. Kapteni akaja mbio kufuata chumvi yake, akapewa. Kisha Athuman akachungulia upande wa pili wa ukuta, akawatazama wale wengine, ambao hakuna aliyewahi kuwapa jina wala utepe. Aliwatazama muda mrefu kuliko ilivyompasa mtu wa kazi ile.

Kabla ya mwaka kwisha alikuwa anauza vitunguu na chumvi mle mle kwenye bucha, na mji ulikuwa umepata mchinjaji mwingine.