Kanzu Iliyoungua Kifuani

Mtaa mzima ulimwita Mama Pasi, naye aliitika bila kinyongo, kwa kuwa jina lilikuwa la kazi yake na kazi yake ilikuwa safi. Alifua na kupiga pasi nguo za watu katika chumba cha mbele cha nyumba yake. Kilikuwa na dirisha moja la mtaani, meza ndefu iliyotandikwa blanketi kuukuu, na pasi ya mkaa yenye jogoo mdogo wa shaba juu ya mfuniko.

Za watu alifua kwa malipo. Za kanisa alifua bure. Mwaka alioolewa aliziona kanzu za ubatizo zimeanikwa nyuma ya kanisa, zina rangi ya maziwa yaliyolala, akaona aibu kwa niaba ya Mungu.

"Mungu ni mtakatifu," alimwambia mumewe, fundi baiskeli. "Haiwezekani aletewe watu ndani ya matambara."

Mumewe, spana mdomoni, alikubali kwa kichwa.

Tangu siku hiyo kanzu zikawa zake. Alizilowesha, akazifikicha, akazisuuza hadi maji yakarudi kuwa maji, akazitia bluu kidogo na wanga mwepesi. Alizipiga pasi zikiwa bado na ubichi, kwanza upande wa ndani, na kabla ya kila kanzu aliipeleka pasi mlangoni akaipuliza majivu, akaifuta tumbo kwa kitambaa chenye nta ya mshumaa. Kanzu ikitoka mezani kwake ilikuwa karibu isimame peke yake iombe. Hakuwahi kulisema kwa mdomo, ila aliamini kwamba siku ya mwisho Mungu angemtazama mara moja tu na kusema: huyu namfahamu, huyu ndiye wa kanzu.

Kwa hiyo hakuna aliyeumia zaidi yake siku wifi yake alipookoka.

Wifi huyo, dada wa mumewe, alijulikana kwa jina la Chupa. Aliuza pombe, na aliyokosa kuuza aliinywa mwenyewe ili isiharibike. Alikuwa mrefu, mcheshi, mwenye sauti ya kupita ukuta. Siku Mama Pasi alipoletwa bibi harusi katika ukoo ule, ni Chupa aliyemshika mkono mbele ya watu akapiga kelele, "Jamani, kaka ameoa samaki! Mbona mikono baridi hivi?" Watu walicheka. Mama Pasi hakusahau. Na kwa miaka mingi baada ya hapo ni mikono hiyo hiyo baridi iliyofua mashuka ya Chupa kila alipookotwa mtaroni na kulazwa chumba cha nyuma. Asubuhi fundi baiskeli alimkorogea dada yake uji kwa mkono wake mwenyewe. Mkewe hakuwahi kukorogewa uji, hata alipougua.

Basi Jumapili moja Chupa aliingia kanisani kwa mlango wa nyuma akinuka jana yake, akakaa benchi la mwisho. Ibada ilipokwisha alikuwa sakafuni analia. Siku ya pili aliimwaga pombe yake yote mtaroni mchana kweupe, watu wakasema leo hata panya wataimba. Walimpa wiki moja. Wiki ikapita, mwezi ukapita, akaonekana anauza mboga, macho yamekuwa meupe. Aliposimama kutoa ushuhuda, mchungaji alivua miwani akaifuta mara mbili, na wanaume wazima walitazama viatu vyao.

Mama Pasi naye aliwahi kutoa ushuhuda. Alisema anamshukuru Mungu kwa afya, na kwaya ikaanza wimbo kabla hajamaliza.

Wivu ni kama cheche iliyodondoka kwenye furushi la nguo: haiwaki, inatafuna. Alipomwona mama mchungaji akimkumbatia Chupa, alisema moyoni, mimi huyu mama hajawahi kunishika hata bega. Wanawake walipogombea kukaa na Chupa benchi moja, alisema, kumbe ili upendwe humu ni lazima kwanza uoze. Hata Mungu alimtilia shaka kidogo. Nguvu zote zile za kumkausha mlevi kwa siku moja, mbona kwangu hukuleta hata za kuniponya kiuno?

Jumamosi, siku moja kabla ya ubatizo, alikuwa mezani. Kanzu zilikuwa sawasawa na wabatizwa, hakuna ya ziada, na aliyokuwa nayo mkononi ndiyo ndefu kuliko zote. Alijua ni ya nani. Hakuna mwingine aliyekuwa na urefu ule.

Nje ya dirisha walisimama wanawake wawili wa kikundi cha maombi, mizigo kichwani.

"Mimi nakwambia shoga, Mungu bado ana nguvu. Tazama Chupa."

"Acha tu. Ukimsikia anaomba, nywele zinasimama. Wengine tumo humu tangu tunaolewa, tumekauka kama dagaa."

"Kama Mama Pasi."

"Usiseme hivyo bwana! Mama wa watu anafua."

"Anafua, ndiyo. Nani kakataa?"

Wakacheka kwa sauti ya chini, wakaondoka.

Pasi ilikuwa imetulia kifuani mwa kanzu. Mama Pasi alikuwa ameinamisha sikio dirishani na mkono umesahau kazi. Kisha harufu ikampanda puani, ile harufu ya mkate uliopita kiasi ambayo kila mpiga pasi huisikia hata usingizini. Mkono wake uliisikia na ukataka kuinuka. Akauzuia. Pumzi moja tu, si zaidi. Aliivuta, akaishusha, ndipo akainua pasi.

Palibaki alama ya hudhurungi, umbo la pasi kamili, ncha ikielekea shingoni.

Alimimina maji, akasugua kwa sabuni, akaianika juani upya, akairudisha. Alama ilikaa pale pale. Alikuwa bado amesimama anaitazama Chupa alipoingia kwa vishindo vyake.

"Hodi hodi, wifi yangu samaki! Mama mchungaji kanituma nichukue kanzu. Ziko wapi, au unazilalia?"

"Zimo kapuni." "Yako ndiyo hii."

Chupa aliinyanyua, akaitandaza kwenye mwanga wa dirisha. Alipitisha kidole gumba ukingoni mwa alama, polepole. Kisha akacheka.

"Wifi, umenipiga muhuri!"

"Iliteleza," alisema Mama Pasi. "Nilikuwa... kulikuwa na watu dirishani."

"Mama mchungaji ataona."

"Ataona."

"Miaka yote hii hujawahi kuunguza hata leso." Chupa aliikunja kanzu, alama ndani, akaiweka juu ya kapu. "Basi sikiliza. Kesho akiuliza, nimeunguza mimi. Nimekuja hapa na kiherehere changu, nimekuomba pasi nijaribu, nikaharibu. Nani atashangaa? Jina langu liliungua zamani. Lako bado jeupe, tusilichafue kwa kitambaa."

Mama Pasi alitakiwa kusema hapana. Alifungua mdomo, na kilichotoka ni, "Ukibeba kapu usilitingishe."

Chupa akaondoka anaimba. Mama Pasi akakaa juu ya beseni lililofunikwa, mikono mapajani. Shukrani haikumjia hata kwa mbali. Alichokuwa akiwaza ni hiki tu: hata hili kanitangulia! Kaokoka juzi, leo ananifunika mimi. Mimi!

Nyuma ya kanisa kulikuwa na birika la saruji lenye ngazi za kushuka majini. Jumapili watu walilizunguka tabaka kwa tabaka, na wabatizwa wakapanga mstari katika kanzu zao, nyeupe hadi macho yakauma. Chupa alikuwa wa mwisho. Alama ilikuwa katikati ya kifua chake, na minong'ono ilianza mbele ikafika nyuma kabla ya wimbo kwisha.

Mama mchungaji alisogea. "Nini hiki tena?"

"Ni mimi, mama. Nilimwomba wifi pasi nijaribu. Nisamehe."

"Chupa ni Chupa," mtu alisema nyuma, na kicheko kidogo kikapita.

Mama mchungaji alitikisa kichwa, si kwa ukali, ila kwa uchovu wa mtu aliyetegemea kidogo na hata hicho kidogo hakukipata. "Kitu kimoja cheupe, dada. Kwa siku moja tu."

Chupa aliinamisha macho. Kwa mara ya kwanza tangu aokoke alionekana kama zamani, kama mtu anayesubiri kufukuzwa mlangoni.

Mama Pasi alisikia utamu. Ndiyo, utamu, ulimshuka kooni kama asali, kwamba leo Chupa naye kaonekana ana doa. Kisha ukageuka shubiri, akashika nguzo iliyokuwa kando yake.

Mchungaji alishuka majini, maji yakamfika kiunoni, akasema maneno aliyoyasema kila mwaka. Kwamba Mungu ni mtakatifu kuliko jicho lolote linavyoweza kuona doa, na mbele zake hakuna nguo ya mtu iliyo safi, hata iliyofuliwa usiku na mchana. Kwamba haki si mshahara wa mtu. Kristo huivua haki yake akamvika mwingine bure, na aibu ya yule akaivaa mwenyewe. Mama Pasi alikuwa ameyasikia maneno haya kila ubatizo huku akikagua mapindo ya kanzu. Leo hapakuwa na pindo la kukagua. Wengine walizamishwa, ikafika zamu ya Chupa kushuka majini, naye alikuwa akiitazama ile alama, umbo la pasi yake, juu ya kifua cha mtu mwingine.

"Ni mimi!" alisema.

Watu wakageuka.

"Nimesema ni mimi. Chupa hakushika pasi. Niliunguza mimi."

Kisha mama mchungaji aliweka mkono kifuani, na macho yake yakajaa machozi. "Jamani," alisema, "mnauona upendo huo? Anambebea wifi yake!"

"Simbebei! Kanibebea yeye!"

"Haleluya!" mzee mmoja alidakia.

"Nisikilizeni! Niliiona inaungua. Niliacha kwa makusudi. Nilikuwa na wivu!"

"Anajishusha! Oneni mtumishi wa Mungu anavyojishusha!"

Vigelegele vilipanda. Kadiri alivyokana ndivyo walivyomsifu, na mwanamke mmoja wa dirishani, yule wa dagaa, alimkumbatia analia. Mama Pasi alisimama ndani ya mikono yake kama kanzu yenye wanga. Maisha yake yote alikuwa ameingojea siku ya kusifiwa hivi, na sasa kila sifa ilimchoma, maana hakuna hata moja iliyokuwa yake.

Majini, Chupa alikuwa amejiziba mdomo kwa viganja viwili. Mabega yalikuwa yakitetemeka. Wengine walidhani analia. Mchungaji alimshika mgongo akamzamisha, na alipoibuka maji yakimchuruzika, alama ilikuwa imekolea zaidi kuliko ilivyokuwa kavu. Hakuna aliyeitazama tena.

Jioni ile, jua likiwa bado juu ya mabati, wawili hao walikuwa uani na beseni kati yao.

"Wamekataa kuniamini," Mama Pasi alisema.

"Nimeona. Nilikaribia kufa maji kwa kucheka."

"Ni kweli lakini. Harufu niliisikia. Nikaiacha kwa pumzi moja."

"Najua." Chupa alikuwa akifikicha kola. "Pasi ikiteleza, inaacha njano. Hii imeiva, wifi. Hii ilipikwa."

Mama Pasi aliacha kufua. "Ulijua? Tangu jana?"

"Nimeishi na watu wanaonichukia, harufu ya chuki naijua."

"Na ukaibeba?"

"Sasa nifanyeje? Mimi nimefutiwa yangu yote, pipa zima, sikulipia hata tone. Nianze kukudai wewe kikombe?"

Mama Pasi alitazama povu. Alisema taratibu, kama mtu anayetoa mwiba mguuni mwake, "Hata sasa nakuonea wivu. Mungu ananiona."

"Nionee tu, wifi, ukichoka utaacha. Ila shika upande huo tukamue."

Walisimama, kila mmoja na ncha yake, wakaisokota kanzu, huyu kulia, huyu kushoto, maji yakamwagika miguuni mwao wote wawili. Mikono yao ilikutana katikati.

"Bado baridi," alisema Chupa.

"Nimezaliwa nayo, we vipi?"

Nguo zenye kasoro Mama Pasi alizoea kuzianika kamba ya nyuma, ukutani, pasipopita mtu. Leo aliichukua ile kanzu ndefu akaipeleka kamba ya mbele, akaibana mabegani, kifua kikielekea mtaani. Mwanamke wa dagaa alikuwa akipita. Aliiona kanzu, akamwona Mama Pasi mwenyewe, akasimama.

"Mama Pasi! Leo umetufundisha. Moyo kama wako sijawahi kuona."

Mama Pasi alifungua mdomo aeleze tena, tangu mwanzo, harufu, pumzi, yote. Nyuma yake alimsikia Chupa akikohoa kikohozi cha mtu anayezuia kicheko. Akaufunga mdomo. Aliitazama alama yake, wazi, imening'inia mbele ya mtaa mzima, na mtaa mzima ukiwa hauioni.

"Asante," alisema.

Neno lilikuwa zito kuliko beseni la mablanketi. Lakini alilibeba, akarudi nalo uani.